Mtani Niliyemkimbia Berega

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyenitoa Kisanga na magoti mabovu, akanipandisha mlimani, akanirudisha nyumbani na magoti yale yale. Kila hatua alikuwapo, hata pale niliponung'unika kwa sauti ambayo najua aliisikia.

Ndugu zangu wa hapa Kisanga, tangu Jumapili mnaniuliza: "Mwalimu, ulituaga kwa siku sita, umerudi baada ya wiki tatu, bila kofia wala mwavuli. Kulikoni?" Kila mmoja wenu nimemjibu robo ya habari. Naandika yote hapa ili msomeane, nami nipumzike.

Mnajua nilizaliwa Chilama, kitongoji kilicho juu milimani, ukiwa umeshapita Berega. Mama yangu alifariki kabla sijaota meno yote, nikalelewa misheni. Katika maisha yangu yote nimejua mambo mawili tu juu yake. Jina lake ni Perisi, kwa maana nimelisoma katika kitabu cha ubatizo. La pili, alikuwa mcha Mungu, kwa maana ndivyo walivyoniambia walionilea, na ndivyo husemwa juu ya kila marehemu. Sikujua kama alikuwa mrefu au mfupi. Sikujua alipenda kula nini, wala alicheka na nani. Kati ya waliokaa naye nyumba moja amebaki mmoja, dada yake, Mama Mkubwa Damari.

Basi ikaja habari kwamba watu wa Chilama watateremka wote, maharage yakishavunwa, kuhamia kijiji cha Ujamaa kilichopimwa kando ya barabara. Binti wa Mama Mkubwa, dada yangu Marita, aliniandikia: "Mama anasema atashuka, lakini hatakaa huko sana." Nikaelewa. Bibi wa umri ule akisema hivyo, hazungumzii tena habari ya kuhama kijiji. Nikanunua daftari na penseli, nikaandika maswali kwa utaratibu, na mbele ya kila swali nikaacha nafasi ya jibu. Nilitaka kumjua mama yangu kabla mdomo wa mwisho uliomjua haujafungwa.

Kuna jambo jingine mnalijua, kwa hiyo sitalificha. Nina tabia ya kusonya. Kuku akiingia ndani, nasonya. Mwimbishaji akianza wimbo juu mno, nasonya, tena nikiwa nimevaa kanzu ya kanisani. Mama Eliezeri, mke wangu, amenikemea tangu tulipooana, nami nimeomba miaka mingi Bwana aniondolee. Mbele ya mkubwa wangu hujizuia, kwa sababu kumsonya mkubwa ni tusi. Mengine yote huniponyoka.

Kisanga hadi Mikumi

Nilipanda lori la vitunguu. Dereva alisema tutafika kabla jua halijawa kali. Gurudumu la kwanza lilipasuka tukiwa bado tunaona moshi wa majiko yetu wenyewe. La pili lilipasuka mahali pasipo na kivuli, na hapo ikabainika kwamba jeki waliisahau kule tulikobadilishia la kwanza. Utingo akarudi kwa miguu kuifuata. Tukala vitunguu vibichi kwa chumvi niliyokuwa nampelekea Mama Mkubwa. Nilisonya mara nyingi, nikatubu mara chache zaidi.

Stesheni ya Mikumi

Treni ya kwenda Kilosa ilikuwa ije asubuhi. Mkuu wa stesheni, kijana mwenye adabu, alijibu kila aliyemwuliza kwa neno moja: "Inakuja." Hakusema uongo. Ilikuja kesho yake alasiri.

Siku ile ya kwanza nilikaa kwenye benchi, nikafungua mihogo ya kuchemsha aliyonifungia mke wangu, nikasonya. Mzee mmoja aliyekaa juu ya furushi lake karibu yangu akageuka. Alikuwa mwembamba, amevaa baraghashia na koti la mvua, na jua lilikuwa linawaka.

"Mzee mwenzangu," akasema, "hiyo umemsonya nani? Treni au mimi?"

"Treni, ndugu yangu. Samahani."

"Basi sawa, nayo haina mama. Wewe mtu wa wapi?"

Nikamwambia. Akauliza ukoo. Nikamtajia ukoo wa mama yangu, maana kwetu ukoo hutoka kwa mama, nao ndio urithi pekee alioniachia. Yule mzee akainuka kama kijana. Akanyanyua kofia yangu kichwani mwangu, akaivaa juu ya baraghashia yake, akauvuta mfuko wa mihogo na kuuweka mapajani mwake.

"Alhamdulillahi! Nimepata mtumwa wa kunibebea furushi. Mimi ni Rajabu wa Chanzuru. Koo zetu ni watani tangu mababu. Mihogo yenyewe haina chumvi! Mkeo amekuchoka?"

Sheria mnaijua. Mtani hakasirikiwi. Atachukua chako, atakutukana mbele za watu, nawe ukinuna umeaibisha ukoo mzima. Nikacheka kadiri nilivyoweza, ambayo si sana, nikasonya.

"Msikieni!" akawaambia abiria wote. "Ukifa, nitakuzika kifudifudi usije ukawasonya malaika."

"Na wewe nitakuzika mdomo ukiwa nje," nikajibu, "maana hautakubali kunyamaza."

Akafurahi sana. Hapo nilikosea, maana mtani ukishamjibu, umemkaribisha. Alikuwa anakwenda Berega, kwa binti yake anayemuuguza mtoto katika hospitali ya misheni. Yaani njia yetu ilikuwa moja mpaka mwisho. Nikamshukuru Mungu kwa jambo hilo, kwa sababu imeandikwa tushukuru kwa yote.

Chanzuru, ambako sikuwa na shughuli

Tulipofika Kilosa nilitaka kutafuta gari la kupanda Berega siku ile ile. Rajabu akachukua mwavuli wangu akaenda nao. "Ukiutaka, uko nyumbani kwangu Chanzuru, unakula kambale," akasema. Nikamfuata nikisonya barabara nzima.

Nakiri, chakula kilikuwa kizuri. Kambale wa mto Mkondoa, mchuzi mzito, ugali mweupe. Mkewe alinihudumia kwa heshima, akaniomba radhi kwa niaba ya mumewe. "Shemeji, mzoee tu. Mimi nimejaribu tangu ujana."

Baada ya kula nikafungua daftari niyapitie maswali yangu. Jirani mmoja alipita, akaona penseli, akaondoka haraka. Baada ya muda mfupi kuku wote wa mtaa ule walikuwa wamefungiwa ndani, na mwanamke mmoja alikuwa anapitisha mbuzi nyuma ya nyumba. Kisha wakaja wazee watatu, wakaketi, mmoja akasema kwa upole, "Ndugu Mwandikishaji, sisi tumeshahama tayari. Tuliandikwa. Tuliandikwa tena. Sasa unatuandika ili twende wapi?"

Nikawaeleza kwamba natafuta habari za mama yangu tu.

"Ana mashamba mangapi huyo mama?" akauliza wa pili.

"Alikwisha kufariki."

Wakatazamana. "Basi siku hizi wanaandika hata marehemu," akasema wa tatu.

Rajabu alikuwa amejilaza mkekani anacheka hadi machozi, wala hakusema neno moja la kunisaidia. Siku nzima ilipotea kuwatuliza wazee wale, na ya pili ikapotea kwa sababu walinitaka niwasomee maswali yote, kisha wakaanza kuyajibu, kila mmoja kwa habari za mama yake.

Berega

Lori tulilopata lilibeba mabati, nasi tukakaa juu ya mabati. Mvua ilinyesha tangu Dumila. Rajabu alikaa chini ya mwavuli wangu, na kofia yangu kichwani, akaniuliza kwa huruma kama maji yalikuwa ya baridi.

Tulifika tumelowa, yaani mimi. Tukalala kwa binti yake. Akatangaza kwamba kesho atapanda nami hadi Chilama, akawaone watani wake wa mlimani kabla hawajashushwa. Usiku ule niliomba, nikaona uvumilivu wangu umefika chini kabisa ya chombo. Nilikuwa nakwenda kuongea na bibi wa umri ule juu ya marehemu mama yangu. Sikuweza kumpeleka mtu kama yule mbele yake.

Alfajiri Rajabu alitandika mkeka wake kuswali. Aliposujudu, nikachukua mfuko wangu nikatoka kimya kimya. Kofia na mwavuli nikaviacha. Mungu anisamehe: mimi, mwalimu wa dini, nilimkimbia mtu paji la uso wake likiwa chini mbele za Muumba wake.

Chilama

Njia ya kupanda ilinichukua mpaka alasiri. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya maharage, na nyumba kadhaa zilikuwa zimeshaezuliwa. Mama Mkubwa Damari alikuwa ameketi mlangoni, ungo mapajani, anapukuchua maharage. Ni mdogo kama mtoto, na mikono yake haitulii.

Nikapiga goti. "Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba."

Likawa neno lake la mwisho. Nikasubiri. Nikasema mimi ni Yeremia, mwana wa Perisi. Akaendelea na maharage. Nikafungua daftari nikasoma swali la kwanza: mama alikuwa mrefu au mfupi? Akaubeba ungo wake akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba.

Dada Marita akanipa ugali na maharage, akangoja nimalize kula ndipo aseme. Ni mtu wa haki, hatamlaumu mtu mwenye njaa.

"Kaka, baba alipofariki mwaka juzi hukuja."

"Nilikuwa naumwa magoti. Nilituma barua, ndefu, yenye maandiko."

"Ilifika. Barua hailii, kaka. Mama alingoja mwana wa dada yake aje alie mlangoni hapa. Hukuja. Tangu hapo hajatamka jina lako."

"Nifanye nini? Nimwombe radhi?"

"Utamwomba radhi kwa mdomo upi, na hajakubali kukusikia? Mambo ya msiba huoshwa na mtani, unajua mwenyewe. Mtani akishaingia kati, mama atafungua mdomo. Lakini watani wetu wote wameshashuka kijijini, na kule hakuna atakayepanda sasa, wanajenga. Na sisi malori yanatungoja barabarani Jumatatu." Akanitazama. "Huko njiani hukukutana na mtani hata mmoja?"

Ilikuwa Alhamisi. Niliutazama ule mlima niliotoka kuupanda. Sikusonya. Sikuwa na nguvu.

Kushuka tena

Nilimkuta Rajabu Ijumaa, anatoka msikitini, kofia yangu juu ya baraghashia yake. Hakushangaa hata kidogo.

"Umesahau mwavuli?" akauliza.

Nikamweleza yote, pale pale barabarani. Alisikiliza bila mzaha, na hilo lilinitisha kuliko mizaha yake. Kisha akasema, "Mtani hakimbiwi, Yeremia. Hata kama ningekuwa simba. Sasa nitapanda, lakini utabeba furushi langu, na mahali penye maji utanibeba mimi."

Nilidhani anatania. Jumamosi tulipofika kwenye kijito, palipokuwa na wanawake wanaofua, alisimama ukingoni akanyoosha mikono kama mtoto. Nikainama. Akapanda mgongoni mwangu na furushi lake, akafungua mwavuli.

"Jamani, mwaona farasi wa kanisa!" akawapigia kelele wale kina mama. "Hula mihogo tu!"

Waliacha kufua. Mmoja alikaa chini majini kwa kucheka. Katikati ya maji nilisonya kwa nguvu zangu zote, na yule juu yangu akaniiga, nikasonya, akasonya, mpaka ng'ambo.

Maharage

Alipofika nyumbani kwa Mama Mkubwa hakubisha hodi wala hakusalimu. Alijilaza chali kizingitini, mikono kifuani, akafumba macho.

"Mimi ndiye marehemu," akasema. "Nimelala hapa tangu mwaka juzi. Wengine walikuja kunililia, mmoja akaniandikia barua. Yeremia! Njoo unisomee, maana macho yangu yamejaa mchanga."

Mama Mkubwa aliacha kupukuchua. Hakumtazama Rajabu wala mimi, lakini mikono yake ilisimama.

"Lia basi!" akasema Rajabu. "Au unangoja stempu?"

Nikapiga magoti, mzee wa umri wangu, mbele ya mtu hai mwenye kofia yangu, nikajaribu kulia. Sikuweza. Nilikuwa na hasira, na uchovu, na aibu, na shavu lilianza kucheza lenyewe. Nikauma meno kwa sababu ya Mama Mkubwa. Rajabu akafungua jicho moja.

"Mama, unamwona? Anataka kusonya, anaogopa adabu. Njia nzima kutoka Mikumi amesonya treni, amesonya mabati, amesonya mto. Hivi." Akasonya, kwa njia yangu hasa, ndefu, inayopanda juu mwishoni kama inauliza swali.

Ungo ulianguka. Maharage yalitawanyika mpaka nje.

"Nani amekufundisha hiyo?" akauliza Mama Mkubwa.

"Huyu mwanao."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Yeremia. Sonya."

"Mama Mkubwa, mbele yako siwezi."

"Nimekwambia sonya!"

Nikasonya. Yule bibi alifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, nami sikujua analia au anacheka. Alipofunua, ilikuwa vyote viwili.

"Perisi," akasema. "Ni Perisi yule, kama yuko hapo jikoni." Na hapo, ndugu zangu, kilio nilichokuwa nakitafuta kikanijia, nikamlilia mumewe, na mama yangu, na miaka yote. Rajabu aliinuka kizingitini taratibu, akaanza kuokota maharage.

Nilipofungua daftari, Mama Mkubwa alilichukua akalikalia. "Shika maharage. Kwetu mdomo haufanyi kazi peke yake." Kwa hiyo sikuandika chochote. Tulipukuchua Jumamosi yote iliyobaki, na Jumapili baada ya sala, naye akasema.

Mama yangu alikuwa mfupi. Alipenda ukoko wa ugali, akiukwangua na kuula kwa kujificha nyuma ya nyumba. Mistari yake ya maharage ilikwenda kombo, kwa sababu alipanda huku anatazama bondeni kuona nani anapita. Ndugu wale wawili walitumia jiwe moja la kusagia, mmoja akisaga na mwingine akimshika mtoto, na asubuhi za baridi waligombania jiwe, kwa kuwa anayesaga ndiye anayepata joto. Na alisonya. Alisonya mbuzi, alisonya ukungu, alisonya mawe ya mvua.

"Alisonya hata kengele ya kanisa," akasema Mama Mkubwa, "ikilia naye ana unga mikononi. Kisha anakwenda. Kila mara alikuwa wa kwanza kufika. Na wewe ulikuwa mgongoni. Ulisonya kabla hujasema 'mama'. Tulikuwa tukikuleta mbele ya wageni uwachekeshe."

Nikamwuliza juu ya mwisho wake.

"Homa. Nilimpelekea uji, ulikuwa wa moto. Akasonya. Halikufuata neno jingine."

"Hakusema lolote juu yangu?"

"Ulikuwa umelala juu ya mkono wake," akajibu. "Angesema nini zaidi?"

Jumatatu

Tulishuka polepole, Mama Mkubwa ameshika mkono wangu, na Rajabu amebeba jiwe la kusagia kichwani, analalamika kwa kila hatua kwamba Wakristo wamemfanya punda. Barabarani, kijana aliyesimamia mizigo alisema kwa heshima kwamba kijijini kutakuwa na mashine ya kusaga, jiwe libaki, gari limejaa.

Mama Mkubwa akasonya. Nikasonya na mimi. Rajabu akatusaidia.

Yule kijana alitutazama wazee watatu, mmoja baada ya mwingine, akajikuna kichwa, akalipandisha jiwe yeye mwenyewe.

Nilikaa nao siku chache, nikashika miti wakati Marita anajengewa. Rajabu aliagana nami Berega. Kofia na mwavuli anavyo yeye, na ndivyo ilivyo haki. Treni ya kurudi sitaisimulia, ilikuwa inakuja.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kuku aliingia ndani, nikasonya. Mama Eliezeri akainua uso anikemee kama siku zote. Nikamwambia, "Mke wangu, hiyo si yangu. Ni ya mama." Nikamsimulia. Akamtoa kuku nje, kisha akasema, "Basi mwache mama aseme, lakini si kanisani." Ile sala niliyoiomba miaka yote nimeiacha. Namshukuru Mungu kwamba hakuijibu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie mtu wa kukusumbua njiani, na subira ya kutomkimbia. Awatunze mama zetu walio hai, awapumzishe waliolala, na kama kuna mlango unaokungoja ukalie, akupe magoti ya kuufikia. Amina.